Masikio ya Bi Matamshi

Chumba alichopewa Bi Matamshi pale hospitalini kilikuwa stoo ya magongo kabla hakijawa idara. Magongo yakahamishwa, idara ikaingia, na mlangoni kikabandikwa kibao: HUDUMA ZA USEMI KWA WATOTO. Ndani mlikuwa na meza fupi, viti viwili vya kitoto ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamfika masikioni, kioo kirefu ukutani, na kabati la vikorokoro: sabuni ya kupuliza mapovu, wanyama wa plastiki, mirija, na kadi hamsini za picha ambazo kingo zake zilikuwa zimetafunwa na vizazi kadhaa vya wagonjwa. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye mafaili ya utawala tu. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, wote walimwita Bi Matamshi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ukimuuliza kazi yake, alikuambia kwa nusu saa: anawasaidia watoto ambao maneno yao yamekwama, yamepinda, au hayajatoka kabisa. Ukimuuliza mumewe, alikuambia kwa pumzi moja kwamba mwanamke mwenye domo amepata pa kulipeleka kila asubuhi.

Bibi aliingia Jumatatu moja bila kupiga hodi, mjukuu wake wa miaka minne mkononi. Hakutafuta kiti. Alivitazama vile viti vya kitoto, akaona vinamdharau, akabaki amesimama.

“Wewe ndiye unayewafundisha watoto kusema?”

“Ndiye mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Una wiki sita.”

Bi Matamshi akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

“Nina mawe kwenye nyongo,” Bibi alisema. “Nimebeba mawe miaka yote hii na nyumba sijajenga. Sasa baada ya wiki sita wananipasua, hapahapa kwenu, ghorofa ya pili. Na moyo wangu nao, daktari anasema, ni mvivu. Hajasema nitakufa. Amesema ‘tutajitahidi’. Mimi nikisikia daktari anasema tutajitahidi, narudi nyumbani kupanga nguo zangu vizuri, watu wasije wakanisema.”

“Mama, operesheni ya nyongo siku hizi ni...”

“Sijaja kwa ajili ya nyongo. Nimekuja kwa ajili ya huyu.” Akaunyanyua mkono wa mtoto. “Wazazi wake walikwenda nje kutafuta maisha akiwa na miezi minane. Mpaka leo wanayatafuta. Mimi ndiye ninayemwelewa, na hakuna mwingine. Nikilazwa, atakaa kwa shangazi yake, binti yangu, na binti yangu haambulii hata neno. Nikifa pale mezani, mtoto huyu atamwambia nani kwamba ana kiu?”

Hapo sauti ya Bibi ikapungua kidogo, na Bi Matamshi akachukua faili jipya.

Mtoto alikuwa mdogo wa umbo, macho makali, nywele zimesukwa kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Nyumbani walimwita Pilipili. Akatazama chumba, akatazama kabati, akasema, “Ata.”

“Anasema chumba chako kinanuka magongo,” Bibi akatafsiri.

Ndivyo ilivyoanza. Katika saa hiyo moja Pilipili alisema “ata” mara kumi na mbili, na Bibi akatoa tafsiri kumi na mbili, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. “Ata” ya kwanza ilikuwa magongo. Ya nne ilikuwa kwamba daktari amependeza ila viatu haviendani na gauni. Ya tisa ilikuwa malalamiko juu ya foleni ya kule mapokezi, na yalitolewa kwa lugha ambayo mtoto wa miaka minne hawezi kuwa nayo hata angekuwa mtoto wa wakili. Bi Matamshi akang’amua mapema kwamba Bibi anamwelewa mjukuu wake kwelikweli, karibu kila kitu. Ila juu ya anachokielewa, anaongeza anachokitaka yeye. Mtoto alikuwa kipaza sauti chake.

Vipimo havikuwa na la kutisha. Masikio mazima, ulimi mzima, akili inakata kama wembe. Maneno yote yalikuwamo kichwani, yamepangwa vizuri. Yakifika mdomoni ndiyo yanavurugika. Pilipili alikata konsonanti ya kwanza ya kila neno, na zilizobaki zote akazifanya “t”. Maji yakawa “ati”. Kitabu kikawa “itatu”. Paka ni “ata”, mama ni “ata”, kaka ni “ata”, na kazi ya kujua ni yupi kati ya hao ikaachiwa msikilizaji.

Lakini kilichomtia Bi Matamshi wasiwasi zaidi kilikuwa kingine. Mtoto huyu hakurudia. Akisema jambo na mtu asielewe, hakusema mara ya pili, hakuonyesha kwa kidole, hakumvuta mtu mkono. Aliingia chini ya meza, akaupa ulimwengu mgongo, na hapo hata ungemwahidi duka zima la pipi hatoki. Hakuwahi kuwa na haja ya kurudia. Kwa Bibi, mara moja ilitosha. Na mara nyingine hata hiyo mara moja haikuhitajika, kwa kuwa Bibi alishaleta maji kabla kiu haijafika.

Siku hiyo alimpitisha kwenye kadi hamsini huku simu ikirekodi. Kati ya hamsini, Bi Matamshi alielewa nne. Akaandika kwenye faili: 4/50. Akajipa moyo, akaanza kazi.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Walikaa mbele ya kioo wakifunga midomo na kuifungua. Kwa “p”, aliweka ukanda wa karatasi mbele ya mdomo wa mtoto ili aone ukiruka. Kwa “m”, waliguna pamoja mpaka mashavu yakawasha, na watu wa chumba cha jirani, ambako wagonjwa walinyooshwa viungo, wakagonga ukuta. Bibi naye aliguna, kwa sauti kuliko wote, na kila akiona karatasi ya mjukuu haijaruka alipuliza yeye kutoka pembeni.

“Mama, unamsaidia.”

“Si ndiyo maana nimekuja?”

“Unamsaidia vibaya.”

“Anasema,” Bibi alijibu, akimtazama mtoto ambaye hakuwa amesema chochote, “kwamba daktari ana wivu.”

Pamoja na hayo, hesabu ilipanda. Wiki ya pili: 17/50. Wiki ya tatu: 31/50. Bi Matamshi alipiga mstari chini ya hiyo thelathini na moja, kisha akapiga wa pili. Kwenye kikao cha Ijumaa aliwaeleza wenzake habari za Pilipili mpaka mganga mkuu akatazama saa, na nyumbani akamweleza mumewe, na mumewe alipolala akaendelea kuueleza mto. Kichwa kilimvimba. Alianza hata kuifikiria picha ya shangazi anamfuata korido nzima akimshukuru.

Jumatatu ya wiki ya nne, mlinzi wa getini akaingia kukagua mtungi wa kuzimia moto, kama alivyofanya kila mwezi. Alikuwa jitu la watu, sauti nene, moyo wa siagi. Pilipili akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akavutiwa, akamsogelea na kumuuliza wazi kabisa:

“Utaita ati?”

Bi Matamshi alikaribia kupiga makofi. Swali kamili! Mtoto kamuuliza mgeni jina lake!

“Sawa, mama, sawasawa,” mlinzi akajibu, akimpapasa kichwani.

Pilipili akangoja. Mlinzi akatabasamu. “Sawa kabisa,” akaongeza, kwa wema wote aliojaliwa. Mtoto akamtazama kwa kitambo, kisha akageuka, akaingia chini ya meza na kuupa ulimwengu mgongo.

“Lakini wewe!” Bi Matamshi alimaka. “Kakuuliza unaitwa nani! Si umemsikia? Kasema vizuri kabisa!”

“Mimi?” Mlinzi akavua kofia. “Dada yangu, nitakuwa mwongo. Mimi nimesikia ta-ta-ta.”

Bibi, pale pembeni, alikuwa analikaza lemba lake kwa makini ya mtu asiyetaka kutazamwa usoni.

Walipoondoka, Bi Matamshi alijifungia. Alitafuta kwenye simu ile rekodi ya siku ya kwanza, siku aliyoambulia maneno manne, akaiweka sikioni bila kutazama kadi. Akasikiliza. “Itatu”: kitabu. “Iatu”: viatu. “Atuti”: hapo akasita, kisha akajua ni bakuli bila hata kujua amejuaje. Akaandika, akasikiliza, akaandika. Mwisho akahesabu. Ishirini na tisa.

Mtoto wa siku ya kwanza, ambaye hakuwa amefundishwa hata sauti moja, alikuwa amepata ishirini na tisa. Na mtoto wa wiki ya tatu, baada ya karatasi zote kuruka na mashavu yote kuwasha, thelathini na moja. Pilipili hakuwa amesogea, au alikuwa amesogea hatua mbili. Aliyepiga hatua ni Bi Matamshi. Kwa wiki tatu alikuwa akipima masikio yake mwenyewe na kuyapa alama nzuri.

Aliona aibu mpaka shingo ikapata moto. Hili kosa walionywa chuoni, tena mwalimu mwenyewe alilicheka, na yeye aliyekuwa mbele kabisa ya darasa akacheka naye. Sasa alikuwa amejigeuza Bibi wa pili, na mtoto alikuwa amebakiwa na wiki tatu.

Keshoye alimwambia Bibi yote, bila kupamba. Alitegemea matusi. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu wenye mawe.

“Karibu kwenye ukoo,” alisema. “Mimi nililiona wiki ya pili.”

“Uliona? Na hukusema?”

“Ulikuwa na furaha sana. Na halafu...” Bibi akamtazama Pilipili, aliyekuwa akimlaza simba wa plastiki ndani ya kiatu. “Halafu nilifikiri, basi wamekuwa wawili wanaomwelewa. Nikifa, kuna wewe.”

“Mimi siishi naye, mama.”

“Najua huishi naye.”

“Na shangazi yake hatapata wiki tatu za kuzoesha masikio. Ataanza usiku wa kwanza.”

“Nimesema najua!” Bibi akafoka, na machozi yakamlenga. “Usinisomee mambo yangu kama mimi ndiye mgonjwa wa kichwa.”

Pilipili akamfunika simba wake kwa ukanda wa karatasi, na kwa mara ya kwanza chumba kile kikawa kama chumba cha hospitali.

Bi Matamshi alibadilisha kazi yote siku hiyohiyo. “P” na “m” wataendelea nazo, ndiyo, lakini sauti za mtoto hazitanyooka kwa wiki tatu hata angeshuka malaika na kioo chake. Kinachoweza kufundishwa kwa wiki tatu ni ubishi. Asipoeleweka asikimbilie chini ya meza: aseme tena, aonyeshe, amvute mtu, apige kelele, afanye lolote mpaka jambo lake lifike. Na hilo halifundishwi na watu wanaomwelewa. Walihitajika watu wenye masikio mabovu, na hospitali ilikuwa imejaa hao.

Wa kwanza alikuwa mlinzi. Bi Matamshi alimpa mpira mwekundu auweke kwenye kibanda chake, na maagizo: “Usijifanye umeelewa. Usiseme sawasawa. Kama hujasikia, sema hujasikia.”

“Si nitamuumiza mtoto?”

“Umuumize kidogo.”

Mlinzi akajikuna shavu. Hakuna aliyewahi kumtuma kazi ngumu namna hiyo.

Tatizo likawa wanawake wawili. Walikubaliana wasimame mbali, kwenye ukuta wa famasi, vinywa vimefungwa. Jaribio la kwanza, Pilipili hata hajamaliza neno, Bibi akapaza sauti kutoka ukutani: “Mpira! Anataka mpira!” Jaribio la pili alikuwa Bi Matamshi mwenyewe, na alilisema huku anajiziba mdomo. Jaribio la tatu walipokezana. Mlinzi akaomba aruhusiwe kuwafukuza.

Ndipo Bi Matamshi akapata wazo. Akaleta vikombe viwili vya maji. Kila mmoja akapiga funda moja, asimeze, na akae nalo mpaka mtoto amalize shughuli yake. Mtu mwenye maji mdomoni hawezi kutafsiri.

Basi kila asubuhi saa nne, aliyepita kwenye korido ile aliwakuta wanawake wawili wazima wamesimama ukutani, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, wanatazama getini. Wagonjwa walidhani ni tiba mpya ya meno. Siku ya pili mganga mkuu alipita na wageni, akamsalimu Bi Matamshi na kumuuliza idara yake inaendeleaje. Bi Matamshi akamtazama. Mganga mkuu akarudia swali. Ilibidi ameze, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi, na Bibi aliyemtazama akashindwa kuzuia kicheko na kumwaga funda lake lote juu ya viatu vya mgeni mmoja mashuhuri. Pilipili naye aliona yote, akaangua kicheko ambacho kilieleweka na kila mtu.

Getini mambo hayakuwa ya kucheka. Siku ya kwanza alisema “tita”, mlinzi akasema, “Sijasikia, mama,” na mtoto akajikunyata nyuma ya pipa la taka akakaa hapo dakika ishirini. Bibi alilia na maji mdomoni, na hilo si jambo rahisi kufanya. Siku ya tatu mtoto alimpiga mlinzi teke la muundi. Bi Matamshi alifurahi mno. Teke lilikuwa jibu, lilikuwa bora kuliko pipa. Siku ya tano alisema “tita”, akaambiwa hajasikika, akasimama pale akitetemeka kwa hasira, kisha akasema “Mpita!” na karatasi yoyote ingeruka. Mlinzi, Mungu amsamehe, bado hakusikia. Basi Pilipili akamshika kidole chake kinene, akamkokota mpaka mlango wa kibanda, akauonyesha ule mpira na kumtazama usoni kwa dharau kubwa.

“Aaa! Mpira!” mlinzi akanguruma. “Si ungesema!”

Wakaenda kwa karani wa mafaili, kwa mpishi wa kantini, kwa mama wa famasi ambaye alikuwa kiziwi wa sikio moja na kwa hiyo hazina kubwa. Wiki hizo tatu Bi Matamshi hakuandika namba yoyote ya kadi. Aliandika mara ngapi mtoto amejaribu kabla hajakata tamaa: moja, moja, mbili, tatu, moja, nne. Zilikuwa namba ndogo, na ziliyumba. Hakuzipigia mstari.

Shangazi alikuja mara moja tu kabla ya siku yenyewe, kumchukua mtoto. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa sentensi fupi, aliyezoea kuongea na watu ambao wakikosea anakufa nao. Akapewa maelezo ya dakika arobaini. Akatikisa kichwa.

“Yaani nisipoelewa niseme sielewi.”

“Basi. Hilo tu.”

“Hilo naliweza.”

Bibi akamfunga mjukuu vifungo vya sweta, akavifungua, akavifunga tena. Hakutafsiri lolote. Walipokwisha kuondoka alimwomba Bi Matamshi kikombe cha maji, akanywa chote taratibu, akaenda ghorofa ya pili kulazwa.

Bibi hakufa mezani. Bi Matamshi alizipata habari hizo kwa njia isiyo ya heshima, kwa kumpigia simu muuguzi wa wodi mara tano mpaka akatishiwa kuripotiwa. Keshoye mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, akapanda ngazi. Hakuna aliyemwita. Alijiambia anakwenda kumwona mtoto tu, na ulikuwa uongo.

Shangazi na Pilipili walikuwa wameshafika. Bibi alilala kitandani amepungua, mrija mkononi, macho nusu wazi, midomo imeingia ndani. Hakuwa Bibi wa kumkata mtu maneno. Pilipili alisimama mguuni pa kitanda, hasogei, kidole mdomoni.

Kisha Bibi akasema kitu. Kilitoka kizito, kimelowa dawa za usingizi, hakina mwanzo wala mwisho.

“Anataka maji?” Shangazi akamuuliza muuguzi.

“Haruhusiwi bado.”

“Mama, unataka maji?”

Bibi akatikisa kichwa kwa hasira, akasema tena. Shangazi akajaribu mto, akajaribu blanketi, akajaribu kumgeuza. Muuguzi akainama, akauliza kama anasikia maumivu. Bi Matamshi naye akainama, na cheti chake na miaka yake kumi na mitano kazini, akatega masikio yote mawili. Hakuambulia kitu. Bibi akafumba macho, na chozi likamtoka pembeni likaingia sikioni.

Pilipili akatoa kidole mdomoni. Alizunguka kitanda, akapanda kwenye kiti, akaweka uso wake karibu na uso wa Bibi. Bibi akasema tena, kwa pumzi. Mtoto akasikiliza. Akashuka, na hakwenda kwa Shangazi wala kwa Bi Matamshi. Akamwendea muuguzi, ambaye hakuwa amemwona maishani.

“Meto,” akasema.

“Nini, mama?”

“Meto!”

“Sijakusikia, mpenzi.”

Bi Matamshi alikuwa amesikia. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye meno. Akauma ulimi, akauma kwelikweli, akaonja damu. Macho yake yakaenda sakafuni, chini ya kitanda, ambako palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa mtoto wa miaka minne kuingia na kuupa ulimwengu mgongo.

Pilipili alitazama huko pia. Halafu akamvuta muuguzi sketi kwa mikono miwili mpaka akainama, akaachama kinywa chote, akagonga jino lake kwa ukucha, ko, ko, ko, akamwonyesha Bibi kwa kidole.

“Meno!” Muuguzi akajipiga paja. “Anataka meno yake! Tuliyatoa jana kabla ya operesheni!”

Yalikuwa kwenye kikombe chenye kifuniko, ndani ya droo, nusu mita kutoka kichwani pake. Muuguzi akayasuuza, Bibi akayapokea na kuyapachika, na uso ukarudi mahali pake.

“Watu wazima watatu,” alisema kwa sauti ndogo lakini yake, “mnanigeuzageuza kama chapati. Mwanamke hawezi kulala mbele za watu bila meno.”

Shangazi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Bi Matamshi aligeukia dirisha, akijifanya anatazama mapazia, maana alikuwa analia tu bila kucheka. Alifurahi. Hakuwahi kufurahi hivyo kazini, na ulimi ulimuuma vibaya.

Pilipili alikuwa ameshapandishwa kitandani, upande usio na mrija, na alikuwa anaongea. Aliongea mfululizo, mikono inakwenda, miguu inakwenda, siku nzima aliyoikosa Bibi inamwagika. Bibi akamsikiliza kidogo, akashika mkono wake, akawageukia wengine kwa ule uso wake wa zamani.

“Anasema amekonda kwa shangazi yake,” akatangaza. “Anasema hajalala hata kidogo. Anasema anataka turudi kwetu, mimi na yeye, leo hii.”

“Apata,” Pilipili akasema.

Mtoto akatikisa kichwa, misuko ikampiga mashavuni, akasema tena kwa nguvu kwamba hapana. Hakusema hivyo. Akamshika Bibi kidevu, akamgeuza watazamane, na akamweleza upya, polepole, namna mtu anavyomweleza mlinzi wa getini: “Pata. Atati ata pata.” Halafu, ili asiache shaka, akalia nyau, na kulamba kiganja chake.

“Nimeokota paka,” Shangazi akasema, kama anayekiri kosa la barabarani. “Wiki iliyopita, chini ya gari la shule. Amelala naye usiku kucha.”

Bi Matamshi alimwona Bibi anavyofungua mdomo, anavyoufunga, na alijua kinachomkata wakati huo hakikuwa kidonda cha operesheni. Mtoto alikuwa amelala vizuri. Mtoto alikuwa na paka. Kulikuwa na usiku mzima ndani ya mtoto huyo ambao Bibi hakuwamo, hakuuona, na hakuna kitu chochote ambacho angeweza kusema juu yake kwa niaba ya mtu yeyote. Miaka minne hakuwahi kumuuliza Pilipili swali, kwa kuwa majibu yote alikuwa nayo yeye.

Alivuta pumzi, akakunja uso kwa maumivu, akajisogeza kwenye mto.

“Paka?” akasema. “Paka wa namna gani? Hebu nieleze, mimi simjui.”

Akanyamaza, akamtazama mjukuu wake mdomoni. Muuguzi alitaka kusema kitu, Bi Matamshi akamshika mkono. Pilipili akafikiri sana, akaanza na mkia.